Namshikia Baridi, Anakuja

Juzi jirani yangu hapa Mzumbe alikuwa anaziba ndoo iliyopasuka. Alipasha kisu kwenye jiko la mkaa mpaka kikawa chekundu, akakipitisha taratibu juu ya ufa, plastiki ikayeyuka na kutoa ule moshi mweusi wenye harufu inayong'ang'ania kooni. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uzio, nachambua mchele wa wateja wangu wa mchana. Harufu ikavuka, ikanikuta, na mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Najua wenzangu wengi mkisimulia ya utotoni husema harufu fulani iliwatoa machozi. Mimi haikunitoa kitu. Ilinitia ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unaushika, unajua kabisa ni wa kwako, lakini wenyewe haukujibu.

Ngoja niseme mapema. Wanaonifahamu wanajua kwamba chumvi huwa siipimi. Nilimaliza kidato cha nne ukubwani, kwa masomo ya jioni, dawati moja na babu mmoja aliyekuwa analala tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka, halafu anafaulu. Mwalimu wetu wa Kiswahili kila akirudisha insha zetu alikuwa ananiuliza mbele ya darasa zima, "Theodora, huyu mamba mrefu kuliko basi ulimwona wapi?" Darasa linacheka, nami nacheka. Basi humu pia mtakutana na mamba wangu. Lakini sehemu ya ndoo sijaongeza hata punje.

Tulikuwa tunakaa Kihonda, enzi zile nyumba zilipokuwa zinaota kwa kasi kuliko mahindi na maji hayana habari nazo. Bomba lilikuwa moja, la Bi Mwajuma, mama wa Kiluguru mwenye sauti iliyoweza kumrudisha njiani mtu aliyeshafika stendi. Foleni yake ilianzia bombani, ikakata barabara, ikazunguka msikiti, na kama hukuwahi alfajiri ungejikuta umesimama karibu na Dodoma. Nyie mliokulia kwenye foleni za maji mnazijua sheria zake. Mtu hakai kwenye foleni; ndoo ndiyo inayokaa. Unaweka ndoo yako, unamwambia aliye nyuma yako, "Nishikie," kisha unakwenda zako shule, sokoni, hata kuposa. Wa nyuma akisogeza ya kwake anasogeza na ya kwako. Na ndoo ya mtu hairukwi. Niliwahi kuona mwizi wa kuku anasamehewa pale mtaani, akapewa na chai. Aliyeruka ndoo alihama.

Kwenye foleni hiyo ndiko ilikozaliwa Kombaini ya Foleni. Wakati ule kila mtaa wa Morogoro ulikuwa na kundi lake la vijana wanaochana mistari ya rap. Kihonda walikuwa na lao, Mwembesongo lao, Chamwino lao, Kilakala lao, na yote yalikuwa yanachukiana kama majogoo. Lakini maji yalipokatika huko kwao, nao wakaja na madumu yao kwa Bi Mwajuma, na majogoo ukiwapanga mstari mmoja juani kutwa nzima, watawika tu. Mmoja aligeuza ndoo yake tupu akaanza kuipiga kama ngoma, mwingine akatupa mistari, wa Chamwino akajibu, wa Mwembesongo akamtukania viatu, na mpaka maji yanatoka ilikuwa imeshakuwa tamasha. Komandoo, fundi redio aliyekuwa na spika kubwa kuliko chumba alichopanga, ndiye aliyesema kwa nini tusichague wakali wa kila kundi, tuunde timu moja, kama kombaini ya mpira ya wilaya. Wakaunda. Nakwambieni, hata milima ya Uluguru ilikuwa inatoa mawingu masikioni ili isikie.

Kitu kimoja: Kombaini haikuwahi kupanda jukwaani na watu walewale. Leo wapo hawa, kesho huyu kaenda machimboni, yule kaitwa jeshini, mwingine kaoa na mke kamkataza kwa wiki mbili. Kwa hiyo wakaichukua sheria ya foleni kama ilivyo. Mistari yao hawakuiandika popote, ilikaa kichwani, na kila mmoja alitakiwa kujua mistari ya mwenzake aliye mbele yake. Aliyekosekana, ndoo yake iliwekwa jukwaani imepinduliwa, pale ambapo angesimama yeye. Zamu yake ikifika, wa nyuma yake anasogea, anaweka mguu mmoja juu ya ndoo na kusema, "Namshikia fulani!" Umati unajibu, "Anakuja!" Ndipo anachana mistari ya yule asiyekuwepo, neno kwa neno, bila kuongeza la kwake. Marufuku kuongeza. Unashika tu.

Kaka yangu Deo alikuwa humo. Alikuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho, katikati yetu Mungu alipumzika. Jina lake la jukwaani lilikuwa Baridi, kwa sababu sisi tuliteremka kutoka Mgeta, kule juu ambako asubuhi unavuta pumzi unaona moshi, na Deo alipofika Kihonda alikataa kuvua sweta. Jua lile lilikuwa linaivisha yai mfukoni, yeye yupo na sweta la kijani la shule, anatiririka jasho, anasema hajasikia joto. Ndoo yake ilikuwa ya bluu, yenye ufa ubavuni aliouziba mwenyewe kwa kisu cha moto, ukabaki kovu jeusi linaloonekana hata ukiwa mwisho wa foleni.

Kazi yake ilikuwa utingo kwenye lori la mboga. Walipakia matenga ya kabichi, karoti na njegere kule Mgeta, wakashuka na zile kona, wakamwachia mama matenga yake ya genge pale Kihonda, kisha wakaendelea Dar. Kwa hiyo Deo alikuwa mtu wa kuondoka na kurudi. Akiondoka, Shaibu ndiye aliyemshikia, bombani na jukwaani. Shaibu alikuwa kijana mwembamba wa nyumba ya nyuma ya msikiti, mtoto wa muuza kahawa, na alikuwa nyuma ya Deo kwenye foleni tangu siku ya kwanza. Deo akirudi, kabla hajashuka vizuri kwenye lori, mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Dora. Nani kaishika?"

"Shaibu."

"Kaiharibu?"

"Kaiharibu mno! Kama anatafuna ugali."

Shaibu akiwa palepale amesimama anapokea tenga. "We mtoto una uongo wewe! Muulize jana nani alishangiliwa."

"Walishangilia ndoo," Deo anamwambia. "Ndoo yangu tu ina mvuto kukuzidi."

Mama hakuupenda huo muziki hata kidogo. Kule juu Deo alikuwa anaimba kwaya parokiani, sauti ya pili, na mapadri walikuwa wanamsifu. "Mtoto wa kwaya mzima," mama alikuwa anasema huku anapanga nyanya, "leo anafoka kama mbwa aliyeona kinyonga." Lakini mistari ya Deo hata yeye aliijua, maana alikuwa anaifanyia mazoezi pale gengeni akimenya njegere. Nami naijua mpaka leo:

Natoka juu, mawingu nayavaa kama koti,
Mgongoni kabichi, mkononi karoti,
Nikishuka mjini hata jua linapiga goti,
Ndoo yangu msiitoe, nakuja, sijapotea kama noti.

Sasa, mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kung'oka meno, na nilikuwa nimeshaielewa dunia yote kwa kuitazama Kombaini. Aliyekwenda machimboni alirudi, amekonda, akaikuta ndoo yake. Aliyekwenda jeshini alirudi na viatu vizito, akaikuta ndoo yake. Yule wa mke akarudi na mke mwenyewe, wakaikuta. Niliona kwa macho yangu. Nikahitimisha, bila mtu kuniambia, kwamba ndoo ndiyo inayomrudisha mtu. Maadamu ipo kwenye foleni na wa nyuma anaisogeza, mwenyewe hana njia nyingine, lazima aje. Nilijua watu wanakufa, msidhani sikujua. Babu alikufa. Lakini babu hakuwa na ndoo kwenye foleni.

Ilikuwa masika. Lori liliteleza kwenye kona moja ya kushuka kutoka Mgeta, mvua ikinyesha, na Deo alikuwa nyuma, juu ya matenga. Shaibu ndiye aliyekuja kusema. Alikuja mchana gengeni, akasimama mbele ya mama, hakuamkia. Nilishangaa kwa sababu Shaibu alikuwa na adabu ya kuamkia hata mbuzi. Akasema, "Mama Deo," akasema tena, "Mama Deo, lile lori." Mama alikuwa anapanga fungu la nyanya. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akaweka nyanya ya juu kabisa, ile inayokaa kileleni, akaitengeneza isianguke, ndipo akakaa chini. Mteja mmoja aliyekuwa anasubiri bamia aliondoka kimyakimya, na bamia zikabaki kwenye mizani.

Tulimpeleka kuzikwa Mgeta. Gari lilifika mpaka panapofika gari, kutoka hapo ni njia ya miguu, kwenda juu, njia ambayo mbuzi mwenyewe anaomba mkongojo. Vijana wa Kombaini walikuja wote, wa kila mtaa, hata wale waliokuwa wamegombana. Walilibeba jeneza kwa kupokezana. Mtu akichoka bega, alimwambia wa nyuma yake, "Nishikie," na wa nyuma anasogea, anaingiza bega lake, aliyetoka anakwenda mwisho wa mstari. Nishikie. Nishikie. Njia nzima hivyo, kwenye ukungu, sauti zimekauka. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na shangazi, natembea nyuma yao, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa. Niliona kila kitu kinafanyika kwa utaratibu ninaoujua. Ilikuwa kombaini tu, na Deo ndiye aliyekosekana leo.

Kaburini kwaya iliimba, wanawake walilia, mama hakulia, nami sikulia. Udongo wa kule ni mwekundu na ulikuwa umelowa, ukidondoka unatoa sauti nzito. Nilimvuta Shaibu shati.

"Ndoo ya kaka nani kaishika?"

Alinitazama huku kamasi zinamtoka. Naelewa leo kwamba hakuwa na jibu lingine mfukoni. "Ipo," akasema. "Ipo kwenye foleni, Dora."

Basi. Nikaenda kula. Walipika wali na maharage na kabichi, nikala sahani kubwa mpaka bibi akaomba nipunguziwe. Nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Haka katoto kana moyo wa jiwe." Sikuona kwa nini niwe na moyo wa kitu kingine.

Tuliporudi Kihonda nilikwenda moja kwa moja bombani. Ndoo ya bluu ilikuwepo, na ya Shaibu nyuma yake. Tangu siku hiyo nikaichukua kazi mwenyewe. Nikitoka shule natupa begi gengeni, nakimbia kwenda kuisogeza. Foleni ikienda, naisogeza. Ikifika bombani, ikabaki zamu moja tu, naitoa bila kuijaza, naipeleka mwisho kabisa, inaanza upya. Sikuwahi kuijaza. Kila mtu aliyekulia foleni anajua: ndoo iliyojaa imemaliza, inatwikwa, inaondoka, nafasi yake haipo tena. Na Deo akija, aje wapi?

Ajabu ni kwamba hakuna aliyenikataza. Wanawake waliokuwa wanatukanana kwa ajili ya nusu hatua walikuwa wananipisha. Bi Mwajuma aliniona kila siku, akawa anafungua mdomo na kuufunga. Mimi nikadhani wote wanakubaliana nami. Kumbe walikuwa wananyamaza, na mtoto hajui tofauti.

Siku moja Komandoo alikuja pale foleni na kumvuta Shaibu pembeni, ambako hakukuwa pembeni sana, maana Komandoo alikuwa anaongea kama spika zake.

"Tunazindua kanda uwanja wa shule. Nimempata dogo wa Mji Mpya, moto wa kuotea mbali. Nampa nafasi ya Baridi."

"Nafasi ya Baridi ina mtu," Shaibu akasema.

"Ina mtu gani, Shaibu?"

"Ninaishika mimi."

"Mpaka lini? Wewe una mistari yako, una na ya kwake, unaishiwa pumzi kabla ya kiitikio. Kombaini haijawahi kusimama na pengo. Waliondoka wangapi? Tuliweka watu."

"Tuliweka wa kushika. Wenyewe walirudi."

"Ndiyo ninachokwambia!" Komandoo akasema, halafu sauti ikamshuka ghafla, kama mtu aliyekanyaga waya. "Ndiyo ninachokwambia, mwanangu. Huyu je?"

Mimi nilikwenda kwenye ndoo ya bluu, nikaigeuza, nikaikalia. Komandoo akaniona. "Dora," akasema, "hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Umekaa hapo kwa nini?"

"Namshikia."

Mtu mzima yule, mwenye mabega kama kabati, akageuka akaondoka bila kumaliza alichokuja kusema. Baadaye nilisikia wamekubaliana: siku ya uzinduzi Shaibu atamshikia Baridi kwa mara ya mwisho, kisha kijana wa Mji Mpya ataingia na mistari yake mpya, na ndoo ya bluu itashuka jukwaani. Mimi sikushtuka sana. Nilichoelewa ni kwamba kaka ana mpaka siku hiyo awe amefika. Alikuwa na muda wa kutosha, na lori kutoka Mgeta huwa linafika asubuhi.

Shaibu alimwomba mama aje. Nilidhani atakataa, lakini alifunga genge mchana, akavaa gauni lake la Jumapili, tukaenda. Uwanja ulijaa. Nasema ulijaa: mtu akikohoa upande wa goli, wa upande wa pili ndiye anayepaliwa. Komandoo alikuwa amepanga spika mpaka juu ya miti. Ndoo ya bluu ilikuwa jukwaani, imepinduliwa, kovu lake jeusi limegeuziwa watu. Mama aliitazama hiyo ndoo tu. Mimi nilikuwa natazama geti.

Zamu ikafika. Shaibu akasogea. Alikuwa amevaa sweta la kijani, lile la Deo, mama alimpa, na lilikuwa jua kali la saa tisa. Akaweka mguu juu ya ndoo.

"Namshikia Baridi!" akasema.

Nusu ya uwanja walikuwa wanajua. Nusu hawakujua. Lakini mdomo uliozoea hausubiri kichwa, na uwanja mzima ukajibu kwa nguvu moja, "Anakuja!"

Nani alipiga kelele kuliko wote? Mimi. Nilikuwa nimepanda juu ya kiti, na wenzangu waliponyamaza mimi niliendelea, peke yangu, kwenye ule ukimya, "Anakuja! Ndoo yake naisogeza mimi kila siku! Sijaijaza!"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Shaibu jukwaani aliinamisha kichwa. Mama akageuka, akanitazama. Alinitazama muda mrefu, kutoka miguuni mpaka usoni, na mimi nilikuwa nacheka, nimejaa furaha ya mtu anayefanya kazi yake vizuri. Hapo ndipo mama alipojua. Siku zote zile alidhani mwanawe mdogo amejikaza. Hakujua kwamba nilikuwa nasubiri.

Shaibu alichana mistari yote bila kuinua macho. Kijana wa Mji Mpya hakupanda. Nasikia alikataa mwenyewe, alisema ile nafasi bado ina joto. Jua lilipozama watu wakaondoka, na Deo hakuwa amefika. Nikajiambia barabara ni mbaya.

Kesho yake asubuhi nilipofika bombani nilimkuta mama kwenye foleni. Mama hakuwa mtu wa foleni, maji alikuwa ananunua kwa mkokoteni kwa ajili ya genge. Alikuwa amesimama kando ya ndoo ya bluu, mikono ameifunga kifuani kwa kanga. Aliisogeza mwenyewe, hatua kwa hatua, hakumwachia mtu. Hakuna aliyekuwa anaongea. Foleni ya Bi Mwajuma kukaa kimya, hiyo ndiyo ningepaswa kuandika kwenye insha na mwalimu asingeamini.

Ikafika mbele. Nikanyoosha mkono niitoe niipeleke nyuma. Mama akaushika mkono wangu.

"Leo inajazwa," akasema.

"Mama, hapana! Ukiijaza anatoka kwenye foleni!"

"Ndiyo, mwanangu," akasema mama. "Ametoka."

Alisema taratibu tu, kama anamtajia mteja bei. Bi Mwajuma mwenyewe alikuja kufungua bomba. "Karibu, Mama Deo," akasema, na lile jina halikubadilika, wala halijabadilika mpaka leo. Maji yaliingia kwa kelele, ile kelele ya ndoo tupu, halafu ikawa inashuka, inashuka, inakuwa nzito, mpaka ikawa haisikiki kabisa. Nilisimama nikitazama maji yanavyopanda ukutani mwa ndoo. Yalipita kovu. Tone moja likapenya kwenye kovu, likateremka kwa nje. Nilitaka kupiga kelele na nikatafuta kelele yenyewe, sikuiona ilipo. Miguu, mikono, tumbo, vyote vilikuwa vya mtu mwingine aliyeniomba nimshikie.

Shaibu akasogea. "Nikutwike, mama?"

Wakaishika wawili, wakainyanyua, akamtwika. Shaibu alibaki na mikono hewani kidogo, kama mtu aliyesahau kuishusha. Kisha akauliza, "Na mistari yake, mama? Tuifanyeje?"

Mama aligeuka polepole, mwili mzima, kama anavyogeuka mtu mwenye maji kichwani. "Mistari ni yenu," akasema. "Ndoo ndiyo yangu."

Tukaenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Maji yalikuwa yanamdondokea shingoni na mgongoni, gauni likawa na mstari mweusi. Kwa maji yale alinikogesha. Alinisimamisha uani, akanisugua kwa dodoki miguu yenye vumbi la foleni, shingo, nyuma ya masikio, hakuacha mahali. Yaliyobaki akapikia ugali. Tulikula. Ndoo aliitundika jikoni na haikwenda bombani tena. Sikulia siku ile wala iliyofuata. Nilianza kucheza kombolela na wenzangu, nikawa mchekeshaji wa darasa, nikaanza kuongeza chumvi. Watu walisema mtoto amesahau haraka.

Nyumba zetu siku hizi zina bomba ndani, na watoto wangu wakiambiwa foleni wanafikiria magari. Hapa Mzumbe nawapikia wanafunzi wa chuo, wali, maharage, na maneno ya bure. Wiki ile ile ya moshi wa jirani, wanafunzi walikuwa na sherehe yao uwanjani na wakaalika vijana wa kuchana kutoka mjini. Nilisikia kwa mbali nikiosha sufuria. Sikumjua hata mmoja kwa sauti. Halafu nikasikia mtu anasema, kwa spika, "Namshikia Baridi!" na mamia ya watoto waliozaliwa juzi wakajibu, "Anakuja!"

Mchana wakaja kula kwangu, vijana watano na ndoo moja mpya kabisa, ile ya dukani. Yule aliyemshikia Baridi, nilimtambua kwa sauti, alikuwa mdogo, ndevu zinaanza kujaribu. Nilimpakulia.

"Shikamoo, mama. Tia pilipili."

"Marahaba. Huyo Baridi wenu ni nani?"

"Ni mwana wetu wa Kombaini."

"Ulishawahi kumwona?"

"Mimi? Hapana, mimi nimeingia mwaka jana tu." Akaangalia wenzake. "Nani kashawahi kumwona Baridi?"

Hakuna. Mmoja akasema labda yuko nje ya nchi. Mwingine akasema yeye alimkuta aliyemkuta aliyemshikia.

"Ila mistari yake lazima ipite, mama," yule mdogo akasema, mdomo umejaa. "Na marufuku kuongeza neno. Kwani wewe unamjua?"

Nilikuwa na upawa mkononi. Mnanijua mimi: hapo ningeweza kumpa hadithi ya saa nzima, na mamba ndani yake, na wali ungepoa. Nikamwongezea maharage.

"Alikuwa mbele yangu kwenye foleni," nikamwambia.